UZI: Kihisi cha mwendo wa baiskeli cha kujitengenezea, kinachosomwa na simu

MwendoKondele, Kisumu | #1

Wadau, swali la jinsi ya kupata kasi ya baiskeli kwenye simu bila kutegemea GPS linarudi kila wiki, basi tuliweke lote mahali pamoja. GPS ya simu inatosha kwenye barabara wazi na tambarare kama ile ya Kisumu kwenda Ahero. Ingia chini ya miti ya Msitu wa Kakamega, au panda mlima polepole kama mtu anayetembea, namba zinaanza kurukaruka. Kihisi cha gurudumu hakina habari na miti wala mawingu. Kinahesabu mizunguko, na simu inapiga hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii: kasi kwa kilomita kwa saa = 3.6 × mzingo wa gurudumu kwa mita ÷ sekunde za mzunguko mmoja. Gurudumu la mita 2.2 likimaliza mzunguko kwa sekunde 0.4, uko kwenye 19.8.

Naanza na upande wa gurudumu kwa sababu ndiko kazi nyingi huharibikia. Vifaa:

- Swichi ya sumaku moja, ile ya kioo ambayo mafundi huiita ridi. Unaweza kununua ya kioo kitupu, urefu wa kioo milimita 14, au uchukue kihisi cha mlango cha kengele za wezi, aina ya MC-38. Ndani yake mna ridi hiyohiyo, imeshafunikwa plastiki na ina waya mbili. Kama unaanza, chukua ya mlango.
- Sumaku mbili za neodimiamu, kipenyo milimita 10, unene milimita 3.
- Waya laini wa nyuzi nyingi, nusu mita kama bodi (ubao wa elektroniki unaotuma hesabu kwa simu) inakaa kwenye foku, mita 1.5 kama unaupeleka hadi usukani.
- Epoksi, tai za plastiki sita, na kipande cha tyubu kuukuu.

Sumaku zikae pande mbili za spoki moja, zibanane zenyewe, kisha tone la epoksi lizifunge zisiteleze. Ziweke karibu na habu, sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye ekseli. Wengi huzipeleka karibu na rimu wakidhani huko ndiko kwenye mwendo, na ni kweli, ndiyo maana hapafai. Kwa kilomita 40 kwa saa, sumaku iliyo sentimita 12 kutoka kwenye ekseli inapita mbele ya ridi kwa mita 3.8 kwa sekunde. Kama ridi inaihisi kwa upana wa sentimita 2, swichi inabaki imefungika kwa milisekunde 5 hivi. Ukiiweka sentimita 30, unabaki na milisekunde 2, na ukiteremka kwa kilomita 60 zinabaki 1.4. Ridi yenyewe inahitaji karibu milisekunde nzima kufunga vizuri. Hapo ndipo kasi inapoanza kupotea katika mteremko, na watu wanalaumu programu.

Nafasi kati ya sumaku na ridi iwe milimita 5 hadi 8. Foku ya chuma, kama ya Black Mamba (ile baiskeli nzito ya mizigo), inavuta uga wa sumaku na kuupotosha, kwa hiyo usigundishe ridi moja kwa moja kwenye chuma. Weka kipande cha plastiki au raba nene, milimita 5 au zaidi, katikati.

Kabla hujafunga kabisa, weka mita ya umeme (multimita) kwenye mlio wa mwendelezo wa waya, zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Lazima usikie mlio mmoja kwa kila mzunguko. Si miwili, na si nusu mlio.

---

SpokiArobaini, Busia | #2

Fundi, asante kwa kuanzia kwenye gurudumu. Nimefuata hayo yote, ridi ya kioo, nafasi milimita 6, ila mita hailii kabisa sumaku ikipita katikati ya kioo. Nikiisogeza juu kidogo inalia. Nikiipitisha kwa urefu wa kioo inalia mara mbili. Ridi mbovu?

---

DadaSolda, Kakamega | #3

Ridi ni nzima, ndugu. Ndani ya kioo kuna ndimi mbili za chuma zinazoingiliana katikati. Ili zishikane, nguvu ya sumaku lazima ipite kwa *urefu* wa ndimi, kutoka ncha moja hadi nyingine. Sumaku ya duara ina ncha zake kwenye nyuso zake bapa. Uso ukielekea katikati kabisa ya kioo, nguvu inagawanyika sawa kushoto na kulia, ndimi hazina sababu ya kushikana. Hiyo ndiyo sehemu mfu uliyoipata. Ukiisogeza sumaku kuelekea ncha moja ya kioo, nguvu inaelekea upande mmoja na swichi inafunga. Na ukiipitisha kwa urefu, inafunga upande wa kwanza, inaachia katikati, inafunga tena upande wa pili. Milio miwili.

Kwa hiyo simamisha ridi sambamba na mguu wa foku, na sumaku ipite mbele ya *mwisho* wa kioo, juu au chini, si tumboni. Ndiyo sababu vihisi vya dukani huwa na alama ya mstari karibu na mwisho wa kasha.

Kingine, kwa wanaotumia kioo kitupu: usikunje miguu ya ridi kwa vidole. Bana mguu kwa koleo kati ya kioo na pale unapokunja, na mkunjo uwe angalau milimita 3 kutoka kwenye kioo. Ufa mdogo usioonekana kwa macho unaingiza hewa na maji, ndimi zinashika kutu, na baada ya mvua mbili tatu swichi inaganda ikiwa imefunga. Ukimaliza, itie ndani ya kasha la kalamu ya wino, jaza silikoni, acha ikauke siku nzima.

---

SpokiArobaini, Busia | #4

Kweli kabisa. Nimeishusha sentimita moja, mlio mmoja kwa kila mzunguko. Sasa nina simu ya zamani yenye tundu la earfoni. Naweza kupeleka waya moja kwa moja bila bodi yoyote?

---

MwendoKondele, Kisumu | #5

Inawezekana, na ni njia ya bei nafuu kuliko zote, ila ina masharti.

Plagi iwe ya milimita 3.5 yenye pete *tatu* nyeusi, maana yake migusano minne. Yenye pete mbili haina maikrofoni. Kwenye simu nyingi za leo mpangilio kutoka nchani ni: kushoto, kulia, ardhi, maikrofoni. Simu za kale kidogo zinageuza hizo mbili za mwisho, basi ukiona hakuna kitu, badilisha waya hizo kabla hujaikataa simu.

Kosa la kawaida ni kuunga ridi moja kwa moja kati ya maikrofoni na ardhi. Simu za Android zinasoma vifungo vya earfoni kwa ukinzani: ukifunga waya hizo mbili kwa chini ya omu 70 hivi, simu inaelewa umebonyeza kitufe cha kupokea na kusimamisha muziki. Kila mzunguko wa gurudumu unakuwa kitufe. Muziki unacheza na kusimama, na simu inaweza kupiga namba ya mwisho ukiwa njiani.

Fanya hivi. Rezista ya kiloomu 4.7 ikae daima kati ya maikrofoni na ardhi, ili simu iamini kuna maikrofoni. Inataka kuona zaidi ya kiloomu 1. Kisha ridi ikiwa mfululizo na rezista ya kiloomu 47, zote mbili kama tawi la pembeni la ile ya 4.7. Ridi ikifunga, jumla inashuka kutoka 4.7 hadi karibu 4.27. Hakuna kitufe kinachosomeka hapo, lakini volti kwenye maikrofoni inaruka kwa milivolti arobaini na kitu, na hicho kwa mkondo wa maikrofoni ni kishindo kikubwa kinachoonekana wazi.

Jaribu kwa kinasa sauti cha simu. Rekodi dakika moja ukizungusha gurudumu, fungua faili kwenye kompyuta ndani ya Audacity, programu ya kuhariri sauti, utaona vilele viwili kwa kila mzunguko: kimoja cha kufunga na kingine cha kuachia, kimoja kikielekea juu na kingine chini. Hesabu cha upande mmoja tu.

Shida ya njia hii ni kwamba unahitaji programu ya kuhesabu vilele hivyo. Anayeandika programu mwenyewe achague chanzo cha sauti kisichochakatwa, kile Android inachokiita UNPROCESSED. Chanzo cha kawaida hupitia kichujio cha kelele, nacho hufuta hivyo vilele kwa sababu vinafanana na kelele, ambavyo kwa kweli ni kelele. Asiyeandika programu aende Bluetooth.

---

NyamasariaVolti, Kisumu | #6

Naunga mkono Bluetooth, na kwa sababu moja kubwa: kuna kanuni iliyokubaliwa duniani ya kihisi cha mwendo wa baiskeli. Ukiifuata, programu zilizopo tayari zinakitambua kihisi chako kama cha dukani. Huandiki chochote upande wa simu.

Kwanza, tusikosee bodi. HC-05 ambayo kila mtu anayo kwenye droo haifai. Ni Bluetooth ya zamani, haizungumzi ile ya nguvu kidogo, na iPhone haitaiona kabisa. Tumia ESP32 ya kawaida, bodi ndogo ya kompyuta yenye Bluetooth ya nguvu kidogo. Kama unapata bodi yenye chipu ya nRF52, bora zaidi kwa betri, lakini ESP32 inapatikana kwa urahisi na ndiyo nitakayoeleza.

Kuunga: mguu mmoja wa ridi kwenye ardhi, mwingine kupitia rezista ya omu 100 kwenye pini ya GPIO 27 (GPIO ni pini za bodi za kuingiza na kutoa ishara). Rezista ya kiloomu 10 kutoka GPIO 27 hadi volti 3.3. Kapasita ya nanofaradi 100 kutoka GPIO 27 hadi ardhi. Usitumie GPIO 34 hadi 39 ukitegemea kivutio cha ndani (rezista iliyo ndani ya chipu ya kushikilia pini juu), hazina. Usitumie GPIO 12 pia, kwa sababu bodi huisoma wakati wa kuwaka, na ikikuta hali isiyofaa haiwaki.

Huduma, yaani namba inayokitambulisha kihisi kwa kanuni hiyo, ni 0x1816. Ndani yake weka sifa hizi:
- 0x2A5B, kipimo chenyewe, cha kutuma bila kuulizwa
- 0x2A5C, uwezo wa kihisi: weka 1, yaani unapima gurudumu tu
- 0x2A5D, mahali kilipofungwa
- 0x2A55, mlango wa amri. Kanuni inaudai kwa kihisi cha gurudumu

Kipimo ni baiti 7. Ya kwanza ni bendera, weka 0x01. Nne zinazofuata ni jumla ya mizunguko tangu kuwaka. Mbili za mwisho ni wakati wa mzunguko wa mwisho. Zote baiti ndogo itangulie.

Kasi huitumi. Unatuma jumla ya mizunguko na wakati, simu inatoa tofauti yenyewe. Uzuri wake ni kwamba ujumbe mmoja ukipotea hewani, hakuna mzunguko unaopotea. Unaofuata unabeba jumla yote.

Tuma mara moja kwa sekunde hata baiskeli ikiwa imesimama, ukirudia data ileile. Ukinyamaza, programu nyingi zitaganda kwenye kasi ya mwisho na utaonyeshwa kilomita 23 ukiwa umeegemea mti.

---

NjoroKwaMagurudumu, Nakuru | #7

Naomba kuongeza kuhusu kudunda kwa swichi. Ndimi za ridi zikigongana hudunda mara kadhaa ndani ya milisekunde moja hivi, na bodi ina kasi ya kutosha kuhesabu kila mdundo. Kapasita inasaidia, lakini weka pia kizuizi katika programu: ukishahesabu pigo moja, puuza kila kitu kwa milisekunde 80. Kwa gurudumu la mita 2.2, hiyo inakuruhusu hadi kilomita 99 kwa saa. Hakuna baiskeli itakayofika hapo, hata mteremko wa Nandi Hills kuja Chemelil.

Nimeona watu wanaweka 200. Hilo ni kosa. Kwa kilomita 40 kwa saa mzunguko mmoja unachukua milisekunde 198. Kuanzia hapo unapoteza pigo moja katika kila mawili, na kasi inaanguka nusu ghafla: 39, 39, 20, 20. Ukiona kasi inagawanyika kwa mbili hasa, angalia kizuizi kwanza. Ikizidishwa kwa mbili hasa, rudi kwa maelezo ya dada pale #3.

Kuhesabu kufanyike kwenye interapti (kipande cha programu kinachokimbia papo hapo pini ikibadilika), na ndani ya interapti ufanye mambo mawili tu: ongeza hesabu, andika wakati. Kutuma Bluetooth kukae kwenye kitanzi kikuu. Ukituma ukiwa ndani ya interapti, bodi inajizima na kuwaka upya.

Halafu, kwa nini tusitumie kihisi cha Hall (chipu inayohisi sumaku) badala ya ridi? Hakina kioo, hakidundi.

---

DadaSolda, Kakamega | #8

Kinatumika, ila angalia ni kipi. A3144, kile chenye maandishi 44E, kinahitaji kuanzia volti 4.5. Ukikipa 3.3 kinaweza kufanya kazi mezani na kukataa njiani. Kinasikia ncha moja tu ya sumaku, ya kusini, ikielekea uso wenye maandishi. Sumaku ikigeuka hakioni kitu. US1881 ndiyo mtego mkubwa: kikishaona ncha moja kinabaki hivyo hadi kione ncha ya pili. Kwa sumaku moja kinahesabu mara moja tu na kunyamaza. Ukiwa nacho, weka sumaku mbili kwenye spoki zinazotazamana, moja ikiwa imegeuzwa.

Tena Hall inakula miliampea kadhaa muda wote, hata baiskeli ikilala. Ridi haili chochote ikiwa wazi. Kwa kitu kinachokaa kwenye betri, mimi nabaki na ridi.

---

AheroMatope, Ahero | #9

Habari zenu. Yangu inaonekana kwenye nRF Connect (programu ya simu ya kukagua vifaa vya Bluetooth) na baiti 7 zinakuja vizuri. Nikifungua OpenTracks, programu ya kurekodi safari, haioni kihisi kabisa. Nimejaribu pia kukiunganisha kwenye mipangilio ya Bluetooth ya simu, hakiungi.

---

NyamasariaVolti, Kisumu | #10

Karibu ndugu. Kuna mambo manne, yaangalie kwa utaratibu huu.

Usikiunganishe kwenye mipangilio ya simu. Vihisi vya aina hii huunganishwa ndani ya programu yenyewe. Kama umeshakiweka huko, kifute.

Pili, kihisi kinaongea na programu moja kwa wakati. nRF Connect ikiwa bado imekishika, hata nyuma ya skrini, OpenTracks haitakiona. Kata muungano kwanza.

Tatu, na hapa ndipo nadhani tatizo lako lilipo: ESP32 ikikatwa muungano haijitangazi tena mpaka uiambie. Katika tukio la kukatika, andika amri ya kuanza kujitangaza upya. Bila hiyo itaunga mara moja tu kila ukiiwasha.

Nne, hakikisha namba ya huduma 0x1816 imo ndani ya tangazo lenyewe, si ndani ya orodha ya huduma peke yake. nRF Connect inaonyesha kila kifaa kilichoko hewani, programu za baiskeli zinachuja kwa namba hiyo.

Na kwa simu za Android 6 hadi 11, ruhusa ya mahali lazima iwe imewashwa ndipo simu itafute vifaa vya namna hii. Programu ikifa skrini ikizimika, itoe kwenye orodha ya zinazobanwa ili kuokoa betri.

Atakayeona programu imeunga lakini sifuri tupu: kwa maktaba ya kawaida ya Arduino umesahau kuongeza kielezi 0x2902 kwenye sifa ya kipimo. Bila hicho simu haiwezi kuomba itumiwe data.

---

AheroMatope, Ahero | #11

Ilikuwa ya tatu. Inaunga sasa. Asante mwalimu.

Swali la betri: nimeiweka seli ya lithiamu ya 18650 kwenye pini ya volti 5 ya bodi. Inawaka, baada ya muda inajizima na kuwaka, kwenye kompyuta inaandika mambo ya brownout, yaani volti imeshuka mno. Seli ina volti 3.7.

---

MwendoKondele, Kisumu | #12

Kidhibiti cha volti kwenye bodi nyingi za ESP32 ni AMS1117, na chenyewe kinameza karibu volti 1 ili kifanye kazi. Seli ikijaa ina 4.2, unapata 3.1 au zaidi kidogo, bodi inawaka. Seli ikishuka hadi 3.7 unapata 2.7, na redio ikivuta mkondo wa ghafla bodi inakata. Seli yako haina ubaya.

Dawa ni kidhibiti kinachomeza kidogo. HT7833 kinatoa hadi miliampea 500 na chenyewe kinakula mikroampea chache. Seli iingie humo, kinachotoka kiende moja kwa moja pini ya 3.3 ya bodi, na kapasita ya mikrofaradi 470 kati ya 3.3 na ardhi, karibu na bodi kadiri iwezekanavyo. Kuchaji tumia bodi ndogo ya kuchaji TP4056 yenye ulinzi, ile yenye matundu sita ya kulehemu, si manne. Ya manne haikati seli ikiisha, na seli iliyokaushwa ni hatari kuichaji tena.

ESP32 ikiwa na Bluetooth muda wote inavuta kama miliampea 100. Seli nzuri ya 2000 inakupa siku nzima barabarani. Betri ya kidonge CR2032 isahau kwa ESP32: haiwezi kutoa mkondo huo, bodi haitamaliza hata kuwaka.

Kulala: baada ya dakika 5 bila pigo, peleka bodi kwenye usingizi mzito, iamke GPIO 27 ikishuka. Rezista ya nje ya kiloomu 10 ndiyo inayoshika pini wakati huo, kwa hiyo usiiache ukidhani kivutio cha ndani kinatosha. Kisha uangalie jambo hili: ukiegesha baiskeli sumaku ikiwa mbele ya ridi, pini imeshuka tayari, bodi inalala na kuamka papo hapo usiku kucha. Kabla ya kulala soma pini. Ikiwa chini, weka iamke ikipanda. Yaani daima iamke kwa hali iliyo kinyume na ya sasa.

---

SpokiArobaini, Busia | #13

Na mzingo? Programu inauliza milimita. Niweke ngapi kwa Black Mamba ya inchi 28?

---

NjoroKwaMagurudumu, Nakuru | #14

Usiweke ya kwenye jedwali kama unaweza kupima. Jaza upepo kama unavyojaza siku zote. Weka valvu chini kabisa, chora mstari wa chaki kwenye tairi na sakafuni. Keti juu ya baiskeli, mwenzako aishikilie, sogea mbele kwa mstari mnyoofu mizunguko 5 kamili, chora tena. Pima kwa utepe, gawa kwa 5. Uketi, kwa sababu tairi likibeba uzito linabonyea na mzingo unapungua. Ukisukuma baiskeli tupu utapata namba kubwa kuliko ya kweli.

Ili ujue kama umekosea sana: 28 × 1½ iwe karibu na 2220, 26 × 1.95 karibu na 2050, 700 × 25 karibu na 2105. Kosa la sentimita 2 kwenye mita 2.2 ni asilimia 0.9, karibu kilomita nzima ukisafiri 100. Na unapima gurudumu lenye sumaku. Wengine wanapima la mbele huku sumaku iko nyuma, kwenye tairi lililokwisha.

Ukishaweka, linganisha na GPS kwa umbali mrefu wa barabara wazi, kilomita 10 au zaidi. Umbali, usilinganishe kasi ya papo hapo. Hapo ndipo GPS inapoaminika.

---

AheroMatope, Ahero | #15

Nyongeza kwa wanaoishi kwenye udongo mweusi kama sisi wa Kano. Mvua ikinyesha udongo unashika tairi, unajaa kati ya madigadi na spoki, na unapokauka unasukuma ridi hadi iguse sumaku. Fungeni ridi imara isisogee, na waya upande wa nyuma ya mguu wa foku, tai moja kila sentimita 8. Palipo na usukani acheni kitanzi cha waya cha sentimita 10, la sivyo kona za kushoto na kulia zitakata nyuzi ndani ya ganda bila dalili kwa nje. Dalili yake ni kasi kupotea ukikata kona upande mmoja tu.

Kasha la bodi, toboa tundu dogo chini. Lililozibwa kabisa linapata jasho la ndani usiku.

---

DadaSolda, Kakamega | #16

Kwenye murramu tai pekee hazitoshi. Zungushia kwanza tyubu kuukuu, ndipo tai. Raba inashika, plastiki juu ya rangi inateleza.

---

SpokiArobaini, Busia | #17

Wadau, kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kimoja. Kasi nikiilinganisha iko juu kidogo, asilimia mbili na nusu hivi, na mzingo nimepima mara tatu. Tena, baada ya saa moja na dakika kumi hivi kasi inaruka mara moja hadi namba ya ajabu, kisha inarudi. Siku ya pili ikarudia muda uleule. Natumia millis, ile saa ya Arduino ya milisekunde.

---

NyamasariaVolti, Kisumu | #18

Makosa mawili, yote mawili kwenye wakati.

La kwanza: zile baiti mbili za wakati hazihesabiwi kwa milisekunde. Zinahesabiwa kwa sehemu ya 1/1024 ya sekunde. Naona unatuma milisekunde kama zilivyo. Sekunde moja unaituma kama 1000, simu inasoma 1000/1024, yaani sekunde 0.977, na kasi inapanda asilimia 2.4. Ndiyo ziada yako hiyo.

La pili linatokea kwa wengi wakirekebisha la kwanza nusunusu. Nadhani mahali fulani unazidisha millis kwa 1024 halafu unagawa, na kwingine hukugawa. Namba ya biti 32 inajaa kwenye 4,294,967,296. Gawa hiyo kwa 1024, unapata milisekunde 4,194,304, sawa na dakika 69.9. Saa moja na dakika kumi. Hapo namba inafurika, wakati unaruka, kasi inaruka nayo. Ukihamia micros (saa ya mikrosekunde) hutapona, kwa kuwa yenyewe inafurika baada ya dakika 71.6.

Tumia saa ya biti 64 ya ESP32, esp_timer_get_time, inayotoa mikrosekunde, na kigeu chako kiwe cha biti 64:

wakati = us * 1024 / 1000000

Kisha chukua biti 16 za chini za jibu hilo ndizo utume. Hizo nazo huanza upya kila sekunde 64, lakini huko usihofu, kanuni inajua na programu za simu zinalishughulikia. Wakati uchukuliwe ndani ya interapti, pigo linapoingia, si wakati wa kutuma.

---

SpokiArobaini, Busia | #19

Nilikuwa nagawa kwa mzunguko wa kwanza tu, kwingine natuma millis tupu. Nimebadilisha kote. Nimeendesha kwa saa mbili na nusu, Busia hadi Bumala na kurudi, haijaruka hata mara moja, na umbali unatofautiana na GPS kwa mita 60 tu.

Nikitaka kuongeza kihisi cha pedali kwenye bodi hiyohiyo?

---

NyamasariaVolti, Kisumu | #20

Ridi ya pili kwenye GPIO 26, rezista na kapasita zilezile, sumaku kwenye mkono wa pedali upande wa ndani. Bendera iwe 0x03, 0x2A5C iwe 3, na baada ya zile baiti 7 ongeza nne: mbili za jumla ya mizunguko ya pedali, mbili za wakati wake. Jumla 11. Kizuizi cha pedali kiweke milisekunde 200. Hapo inafaa, maana hata ukikanyaga mara 120 kwa dakika mzunguko mmoja ni milisekunde 500.